Throne ni kiti gani? Neno la Kiingereza na viti vya watawala wetu

BUNIA – Mtoto wa dada yangu alinifikia jioni na daftari la Kiingereza mkononi, uso umekunjamana. Mwalimu alikuwa amempiga mstari mwekundu chini ya sentensi moja. Aliandika: “The old king was throne in prison.” Alitaka kusema mfalme mzee alitupwa gerezani.

“Tantine, throne si ni kiti ya mwami? Sasa juu ya nini mwalimu amekata?”

Kosa lake ni la masikio. Kiingereza kina maneno mawili yanayosikika sawa kabisa: throne, ambalo ni kiti cha mfalme, na thrown, maana yake “kutupwa”. Ukisikia redio ya Kampala huwezi kuyatenga. Ni maana ya sentensi tu inayokusaidia. Lakini swali la kijana lilinibakia kichwani, kwa sababu sehemu yake ya kwanza ni ngumu kuliko alivyodhani. Je, throne ni kiti cha mwami kweli?

Neno hili limekwisha ingia Bunia. Tuko karibu na Uganda, bidhaa zinapita Mahagi, Aru na Kasenyi, na mwenye duka asiyejua Kiingereza kidogo anahangaika na karatasi za mzigo. Masomo ya jioni ya Kiingereza yanapata watu. Vijana nao wamelipata kwenye simu, katika ile filamu ya mfululizo Game of Thrones, iliyoonyeshwa tangu mwaka 2011 hadi 2019, misimu 8, ambamo jamaa kadhaa zinauana kwa ajili ya kiti kimoja kilichoundwa kwa panga zilizoyeyushwa. Kuna wanaojua habari za kile kiti cha chuma kuliko za kiti chochote cha Ituri.

Kwanza, neno lenyewe. Limetoka Kigiriki, thronos, likapita Kilatini, likaingia Kifaransa cha zamani, na kutoka huko Waingereza wakalichukua. Ndiyo sababu sisi tuliosoma Kifaransa tunalitambua upesi: ni ndugu wa trône. Tofauti iko mwanzoni. Kwa Kiingereza ulimi unagusa meno, kama vile watu wa pwani wanavyosema “thelathini”. Sisi huku tunaosema “selasini” tunajikuta tunasema “trone” ao “srone”, na mwalimu anatuvumilia.

Mgiriki wa kale aliposema thronos alikuwa na kiti machoni: kirefu, chenye mgongo, chenye kibao cha kuwekea miguu, kiti cha mungu ao cha mtu wa heshima. Baadaye neno likahama kutoka kwenye mbao kwenda kwenye mamlaka. Leo Mwingereza akisema mtu “came to the throne” mwaka fulani, hamaanishi siku aliyokaa juu ya kiti. Charles wa Tatu alikuwa mfalme tangu mama yake alipofariki tarehe 8 Septemba 2022. Kwenye kiti cha kutawazwa, pale Westminster, alikaa tarehe 6 Mei 2023. Kwa miezi karibu 8 alikuwa na throne bila kuwa amekikalia kile kiti. Kiti chenyewe ni cha mbao, kilitengenezwa kwa amri ya Edward wa Kwanza karibu miaka 700 iliyopita, ili kiwekwe jiwe ambalo alilichukua kwa nguvu kutoka Scotland mwaka 1296. Wascotland walirudishiwa jiwe lao mwaka 1996. Miaka 700 kamili kudai jiwe. Tutarudi kwenye habari hiyo ya kudai.

Wabelgiji, waliotutawala sisi, hawana hata hilo. Mfalme wao havishwi taji. Philippe alipochukua nafasi ya baba yake tarehe 21 Julai 2013, aliapa mbele ya bunge, basi. Kwao trône imebaki kuwa neno.

Tuje kwa Kiswahili. Kamusi inatupa “kiti cha enzi”, na ndivyo Biblia ya Union inavyosema kila mara inapotaja mahali Mungu ao mfalme anapoketi. Makanisani Bunia neno hilo linaimbwa kila juma, ingawa nyumbani mtu huyohuyo atasema “kiti ya mufalme” na maisha yanaendelea. “Kiti” ni neno la Kibantu, ni jamaa wa “mti”. Ukilitazama vizuri ni kipande cha mti. “Enzi” imetoka Kiarabu, ni nguvu na utukufu. Ndiyo hiyo iliyomo ndani ya Mwenyezi: mwenye enzi. Kwa hiyo babu zetu wa pwani walifanya kwa maneno mawili kile ambacho Mwingereza anafanya kwa moja: mbao upande huu, nguvu upande huu.

Na pwani kiti hicho kipo, unaweza kukigusa kama mlinzi wa jumba la makumbusho hayuko karibu. Lamu, Pate na Zanzibar, “kiti cha enzi” ni aina ya kiti cha mpingo, mgongo wima kama ukuta, kimetiwa vipande vya pembe ya ndovu ao mfupa, na sehemu ya kukalia imesukwa kwa kamba. Si lazima akalie sultani. Nyumba za watu wakubwa zilikuwa nacho kwa ajili ya mgeni wa heshima, na bwana harusi aliweza kuketishwa. Jambo la ajabu kidogo ni kwamba alama kubwa ya utawala kule Pate na Lamu haikuwa kiti, bali siwa, pembe kubwa ya kupulizwa: ya Pate ni ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba. Utawala wao ulisikika kabla ya kuonekana.

Hapo ndipo swali la mtoto wa dada yangu linapoanza kuuma. Kwa sababu katika nchi zetu za maziwa makuu, ukimuuliza mzee alama ya utawala ni nini, mara nyingi hatakutajia kiti. Atakutajia ngoma.

Kwa Kinyarwanda na Kirundi, ingoma ni ngoma ya kupigwa na ni utawala pia, neno moja. Rwanda walikuwa na Kalinga, Burundi Karyenda. Hizo hazikuwa ngoma za kuchezea harusi. Uganda, Baganda wana kiti chao, Namulondo, na Kabaka Mutebi wa Pili alitawazwa tarehe 31 Julai 1993 pale Naggalabi, Buddo. Hata hivyo kwa Kiganda cha zamani mfalme mpya “anakula ngoma”. Anakula Buganda. Sisi Wakongomani tukisikia mtawala “anakula” nchi tunaelewa kitu kingine, lakini tuwaachie Baganda msemo wao.

Historia hiyo ya Buganda inafundisha vizuri matumizi ya neno throne. Mwaka 1953 gavana Mwingereza Andrew Cohen alimfukuza Kabaka Mutesa wa Pili akampeleka Uingereza. Kiti kilibaki, mtu hayupo. Baganda walikataa kuweka mwingine, na mwaka 1955 alirudi. Mwaka 1966 jeshi la Obote lilishambulia jumba lake, akakimbia tena, akafia London mwaka 1969. Katiba ya mwaka 1967 ilifuta falme zote. Kwa miaka 26 hapakuwa na Kabaka anayetambuliwa na serkali. Magazeti ya Kiingereza yaliandika “the throne is vacant”. Mbao hazikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa kwa watu.

Sasa Ituri. Kusini, upande wa Boga, Wahema wanasema lugha iliyo karibu sana na ile ya Bunyoro na Toro, na mtawala kwa lugha hiyo ni omukama. Ndiko alikofika Apolo Kivebulaya, mhubiri Mganda, mwaka 1896, akapambana na chifu Tabaro, ambaye hakumpokea kwa mikono miwili. Boga wakati ule ilitazama upande wa Toro na Bunyoro. Mipaka ya wazungu ndiyo iliyoigeuza uso itazame Irumu na Bunia.

Kaskazini, wilayani Mahagi, Waalur wana neno ker. Aidan Southall, msomi Mwingereza aliyeishi nao na kuchapisha kitabu chake mwaka 1956, alieleza kwamba ker si kiti wala si mtu: ni ule uwezo wa kutawala wenyewe, unaotoka kwa baba kwenda kwa mtoto, ukiambatana na mvua na kukata mashauri. Katika Kiacholi, ndugu wa Kialur, throne ni kom ker, kiti cha ker. Ona, ni kama kiti cha enzi. Watu wasiopata kukutana, wa bahari na wa milima, wamejenga neno kwa njia ileile.

Na Southall alieleza jambo ambalo nadhani kila mwanafunzi wa Mahagi angepaswa kulisoma. Vikundi vya jirani visivyokuwa na wafalme, Walendu na Waokebo miongoni mwao, viliweza kwenda kuomba mtoto wa rwoth wa Waalur, ao hata kumteka, wamlete kwao awatawale. Walimjengea nyumba, wakamlimia shamba. Walitaka mvua na mtu wa kuamua ugomvi. Utawala ulisambaa mara nyingi bila vita, kwa sababu watu waliona faida kuwa nao. Ukifikiri namna vijiji vyetu vinavyogombana leo juu ya mpaka wa kilima kimoja, habari hii inashangaza. Waalur wa ng’ambo ya pili, Uganda, wana mfalme mpaka leo. Cheo chake ni Ubimu, na wa sasa alitawazwa mwaka 2010.

Walendu wenyewe hawakuwa na mtawala mmoja juu ya wote. Wabelgiji walipokuja walihitaji mtu mmoja wa kumpa amri na wa kukusanya kodi, kwa hiyo wakachora sheferi na sekta, na dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ikazipanga upya. Mahali palipokuwa na kiti wakakiandikisha. Mahali pasipokuwa nacho wakatengeneza kimoja, kwa karatasi na mhuri. Tofauti hiyo bado tunaishi nayo. Sheferi ina chifu kwa desturi. Sekta inaunganisha jamii mbalimbali, na kiongozi wake hatoki kwenye ukoo wa kutawala. Djugu ina zote mbili, na anayetembea kutoka moja hadi nyingine kwa pikipiki hawezi kuona mpaka ulipo.

Tazama pia maneno ambayo wazungu walichagua. Mfalme alikuwa mmoja tu, yule wa Bruseli. Wengine wote wakawa chef, hata aliyekuwa na maelfu ya watu na ukoo wa vizazi kumi. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo kwa viti: cha kwao kiliitwa throne, cha Mwafrika kiliitwa stool, yaani kigoda. Huko Ghana neno hilo limeingia mpaka kwenye sheria. Katiba yao ya mwaka 1992 inasema juu ya “stool lands”, ardhi za kigoda. Chifu akitawazwa anasemwa amewekwa kigodani, akiondolewa ametolewa kigodani, na Kiingereza chao kina vitenzi kamili vya kazi hiyo. Kaskazini ya nchi machifu hukalia ngozi, kwa hiyo watu husema “skin”. Waghana wamelichukua neno la dharau na kulifanya la heshima. Lakini mwanzo wake tusiusahau.

Ni hukohuko Ghana kosa la kutojua maana ya kiti lilileta vita. Waasante wana kigoda cha dhahabu. Hakuna anayekikalia, hata mfalme; kinabeba roho ya taifa lao. Mwaka 1900 gavana Frederick Hodgson alisimama mbele ya machifu akauliza kwa nini hakuletewa akikalie. Kwake kilikuwa throne: kiti cha mwenye nguvu, na yeye ndiye aliyekuwa na nguvu. Vita vilivyofuata vinaitwa kwa jina la Yaa Asantewaa, mwanamke aliyeviongoza. Waingereza walishinda, na kigoda hawakukipata.

Wanyoro, ndugu wa Wahema wetu, hawakuwa na bahati hiyo. Kiti chao cha kifalme kinaitwa Nyamyalo. Mwaka 1894 Kanali Colville aliongoza jeshi dhidi ya Omukama Kabalega, ambaye alikamatwa mwaka 1899 na kupelekwa visiwa vya Seychelles. Leo katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, mjini Oxford, kuna kigoda kinachosemwa kuwa cha Kabalega, na watu wa Bunyoro wanakidai. Kongo pia tuna vyetu nje. Vigoda vya Waluba wa Katanga, vile vinavyobebwa na mwanamke aliyechongwa, viko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wanaovitazama wanasifu mikono ya fundi. Kwa Waluba, kijiji alichotawala mfalme kiliweza kugeuka, baada ya kifo chake, kuwa kitenta, makao ya roho yake. Kitenta maana yake ni kiti. Kijiji kizima ndicho throne. Jaribu kukiweka hicho ndani ya sanduku la kioo.

Mfalme Philippe alipofika Kinshasa mwezi Juni 2022, alileta barakoa ya Kakuungu ya Wasuku, kwa mkopo wa muda mrefu. Mkopo! Nilisikia neno hilo redioni nikacheka peke yangu jikoni.

Turudi kwa sheria zetu, maana hapa Bunia kiti si habari ya makumbusho. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kimila, yakipatikana kwa kufuata desturi ya mahali, ikiwa desturi hiyo haipingani na Katiba, sheria, usalama wa umma na mwenendo mwema. Sheria namba 15/015 ya tarehe 25 Agosti 2015 ikaeleza hali ya chifu wa kimila. Kwa maneno mepesi: ukoo unamtoa mtu, kisha serkali inamtambua. Milango miwili. Na ni kati ya milango hiyo ndipo ugomvi unapokaa. Mmoja ana wazee wa ukoo na ngoma, mwingine ana karatasi ya Kinshasa. Kila mmoja anasema kiti ni chake, na kwa maana moja ya neno kila mmoja anasema kweli. Mkulima ndiye asiyejua amlipe nani, na nani aandike hati ya shamba lake. Tumeona katika jimbo hili ugomvi wa shamba unavyoweza kwisha.

Katiba ilifungua pia mlango wa tatu. Kifungu cha 197 kinaruhusu machifu wa kimila kuingizwa katika bunge la jimbo bila kupigiwa kura, wasizidi sehemu moja ya kumi ya wabunge. Chifu anaweza basi kuwa na viti viwili, cha ukoo na cha bunge. Kiingereza kinavitenga vizuri: cha kwanza ni throne, cha pili ni seat. Kiswahili chetu kinasema “kiti” kwa vyote, na ndiyo sababu mtu akisema sokoni “ule bwana anapenda kiti”, inabidi uulize kiti kipi. Tangu tarehe 6 Mei 2021, Ituri ilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya kuzingirwa, kiti cha gavana kimekaliwa na mwanajeshi; hicho nacho usikiite throne. Ni ofisi. Anayekipewa leo anaweza kutolewa kesho kwa tangazo la saa mbili usiku.

Kwa wanaojifunza, haya machache yatasaidia. Kuingia katika utawala wa kifalme ni “come to the throne” ao “ascend the throne”. Kwa Kiswahili sema kukalia kiti cha enzi, ao kutawazwa. Angalia usiseme “kutawadha”, ambako ni kujiosha kabla ya swala. Nimelisikia kosa hilo kwenye mikrofoni, na Waislamu waliokuwa uwanjani waliinamisha vichwa kwa adabu. Mrithi ni “heir to the throne”, na h ya heir haitamkwi. Kumwondoa ni “dethrone”, na waandishi wa mpira wanalipenda: timu iliyopoteza ubingwa nayo imekuwa “dethroned”. Kama mtu wa Uganda anakuambia kwa kicheko kwamba kaka yake yuko “on the throne”, usiulize ni mfalme wa wapi. Yuko chooni.

Kuhusu chifu wa sheferi, mimi ningemwambia kijana aandike hivi: kama watu wake wana kiti, aseme throne, asiseme stool, hata kama ni kigoda cha miguu mitatu. Kama wana ngoma, aseme ngoma, drum, kisha aeleze. Mwalimu mzuri atampa alama kwa maelezo.

Alirudi mezani, akafuta, akaandika upya: “The old king was thrown in prison, but the throne was not empty.” Nilimuuliza nani alikuwa amekikalia. Akaniambia hajui bado, hadithi ni ya kurasa mbili, na yeye yuko kwenye ya kwanza.